JICHO JEKUNDU LISILOTOA TONGOTONGO: TUELEWE MCHOCHOTA WA NDANI YA JICHO

Mwezi huu katika ukurasa wetu wa afya tutazungumza juu ya jicho. Ukikaa asubuhi moja tu kwenye benchi la wagonjwa wa nje utasikia mtu akisema, "Sista, nina macho mekundu, nipe dawa ya matone niende zangu." Husema hivyo kana kwamba macho mekundu ni ugonjwa mmoja wenye dawa moja. Sivyo. Wekundu wa jicho ni dalili, kama homa ilivyo dalili. Anayetokwa na jasho la homa anaweza kuwa na malaria, nimonia au homa ya matumbo. Hali kadhalika jicho jekundu lina sababu nyingi.

Watu wawili wa Mugango wanaweza kuamka siku moja, wote jicho jekundu. Mmoja atapona baada ya wiki moja au mbili, hata asipotia dawa yoyote. Mwingine, akingojea wiki hizo hizo mbili, anaweza kupoteza uwezo wa kuona wa jicho hilo moja kwa moja. Makala hii inataka familia zetu zijue kuwatofautisha watu hao wawili, na zijue matibabu ya yule wa pili yakoje.

MCHOCHOTA NI NINI?

Mwiba ukikuchoma kidoleni, mahali pale huvimba, huwa pekundu, hupata joto na huuma. Huo ndio mchochota. Ni kazi ya askari wa mwili: damu hukimbilia pale ikiwa imebeba chembe nyeupe za kupigana na adui. Kwa kawaida ni jambo jema, maana bila hilo kidonda kisingepona.

Lakini jicho si kidole. Kidole kikivimba wiki moja, kikanywea na kuacha kovu dogo, utaendelea kushika jembe. Ndani ya jicho hakuna nafasi ya kovu. Ili tuone, mwanga lazima upite mahali paangavu kama kioo cha dirisha. Chembe za vita zikijaa humo, kioo hupata ukungu, na kovu likibaki, ukungu hautoki tena. Ndiyo maana katika jicho vita yenyewe inaweza kudhuru kuliko adui aliyeisababisha.

JICHO LIMEJENGWAJE?

Lifikirie jicho kama chungwa dogo lenye matabaka matatu. Tabaka la nje ni gumu: sehemu kubwa ni nyeupe, na mbele kabisa kuna kioo cha jicho kinachoitwa konea. Juu ya ile sehemu nyeupe pametandazwa ngozi laini sana, nyembamba, inayofunika pia upande wa ndani wa vigubiko.

Tabaka la ndani kabisa ni retina, linalopokea picha na kuipeleka kwenye ubongo. Katikati ya hayo mawili kuna tabaka lenye mishipa mingi ya damu na rangi nyeusi. Wataalamu huliita uvea, neno la Kilatini litokanalo na zabibu, kwa sababu ukiliondoa lile tabaka jeupe hufanana na zabibu nyeusi. Sehemu yake ya mbele unaiona kila unapojitazama kwenye kioo: ni ile pete nyeusi au ya kahawia inayozunguka mboni, inayoitwa irisi.

Mchochota wa tabaka hili la kati huitwa uveitisi. Huo ndio ugonjwa tunaouzungumzia leo.

KWANZA TUWEKE KANDO MACHO MEKUNDU YA KAWAIDA

Wengi tunakumbuka Januari 2024, Wizara ya Afya ilipotangaza mlipuko wa macho mekundu ulioanzia Dar es Salaam na kusambaa katika mikoa mingine. Ule ulikuwa ugonjwa wa virusi unaoshambulia ile ngozi laini ya juu na konea. Uliambukiza upesi sana kwa mikono, taulo na mito ya kulalia. Jicho lilikuwa jekundu kote, liliwasha kama lina mchanga, lilitoa machozi na tongotongo, na asubuhi kope ziligandana. Wengi walipona kwa kunawa mikono na uso kwa maji safi na kungojea. Wizara iliwaonya watu wasijitibu kienyeji.

Ugonjwa mwingine wa mchochota tunaoujua zamani ni trakoma, ambayo mwisho wake ni vikope. Huo huletwa na bakteria, hupita mtoto kwa mtoto kwa vidole, nguo na nzi, na ukirudia miaka mingi hukunja kigubiko hadi kope zikwangue konea. Hapa Tanzania wilaya ya Kongwa, Dodoma, imefahamika duniani kwa utafiti wa ugonjwa huu. Uchunguzi uliofanyika huko na kuchapishwa mwaka 1995 ulionyesha kwamba watoto walioendelea kuwa na nyuso safi walipungukiwa na trakoma kali. Kuanzia mwaka 1999 nchi yetu ikapokea pia dawa ya azithromaisini ya msaada kwa ajili ya kutibu vijiji vizima. Sisi tulio kando ya ziwa, ambao mradi wa maji wa Mugango, Kiabakari na Butiama unachota maji yake hapa kwetu, hatuna sababu ya kumwacha mtoto aende shule na tongotongo usoni.

Magonjwa hayo mawili yanaonekana kwa nje. Uveitisi hujificha ndani.

DALILI ZA UVEITISI

Sehemu ya mbele ya uvea ikipatwa, mgonjwa huwa na dalili hizi:

1. Jicho huuma. Si kuwasha kama mchanga, bali maumivu mazito ya ndani, kama jino linalouma, na mara nyingine huenda hadi kwenye paji la uso.

2. Mwanga humtesa. Mgonjwa hufunika jicho kwa mkono au kwa kanga, hukaa nyuma ya mlango, hakubali kutoka nje mchana. Mvuvi wa dagaa hushindwa hata kutazama taa ya mtumbwi.

3. Wekundu hukusanyika kama pete kuizunguka konea, yaani karibu na ule weusi. Katika macho mekundu ya kawaida wekundu huwa mwingi zaidi pembeni na ndani ya vigubiko.

4. Hakuna tongotongo. Machozi yanaweza kutoka, lakini usaha hamna, na asubuhi kope hazigandani.

5. Uwezo wa kuona hupungua. Mambo huonekana kama kupitia moshi.

6. Mboni ya jicho lile yaweza kuwa ndogo kuliko ya jicho la pili, au isiwe ya mviringo.

7. Mara nyingi huanza jicho moja tu, na hakuna mwingine nyumbani mwenye ugonjwa huo. Uveitisi yenyewe haiambukizi kwa kupeana mkono wala kwa taulo.

Sehemu ya nyuma ikipatwa, jicho laweza lisiwe jekundu hata kidogo, wala lisiume. Mgonjwa huona vidoa vyeusi vinavyoelea kama inzi au utando wa buibui, au huona giza katika sehemu fulani ya anachokitazama. Huyu ndiye huchelewa kuliko wote, kwa kuwa wenzake wakimtazama husema, "Mbona macho yako mazima!"

Fanyeni jaribio hili rahisi nyumbani. Mgonjwa afunike jicho moja kwa kiganja bila kulikandamiza, atazame kalenda iliyo ukutani, kisha afunike la pili. Jicho jekundu linaloona vizuri kama mwenzake, lisilouma na lisiloogopa mwanga, linaweza kungojea kesho. Jicho jekundu linaloona vibaya, au linalouma, au linaloogopa mwanga, lisingojee. Apelekwe siku hiyo hiyo.

UGONJWA HUU HULETWA NA NINI?

Sababu ni nyingi, na mara nyingine haipatikani hata baada ya vipimo vyote. Lakini katika nchi zetu daktari hufikiria kwanza maambukizo haya:

Mkanda wa jeshi. Malengelenge yakitokea upande mmoja wa paji la uso, jicho la upande huo limo hatarini. Yakifika hadi ncha ya pua, hatari huwa kubwa zaidi, maana mshipa wa fahamu wa pua na wa jicho ni ndugu. Uveitisi inaweza kuja wiki kadhaa baada ya malengelenge, hata wakati ngozi inapona. Dawa yake, asaikloviri, hufaa zaidi ikianzwa katika saa 72 za kwanza. Kijana akipata mkanda wa jeshi apime pia virusi vya UKIMWI, kwa sababu mara nyingi ni ishara kwamba kinga ya mwili imeshuka. Kupima si aibu. Kunaokoa jicho na kunaokoa maisha.

Kifua kikuu. Wengi hudhani ugonjwa huu ni wa mapafu tu. Unaweza kuingia katika mifupa, katika tezi, na katika jicho pia.

Kaswende. Ugonjwa huu ukiachwa bila tiba hutembea mwilini miaka mingi, na jicho ni moja ya vituo vyake. Kwa hiyo mgonjwa wa uveitisi akiambiwa apimwe damu kwa kaswende, asimkasirikie muuguzi. Hakuna anayemhukumu. Jicho lake linatafutiwa dawa.

Toksoplazma. Ni kijidudu kinachotoka katika kinyesi cha paka na katika nyama isiyoiva vizuri. Huacha makovu kwenye retina. Mama mjamzito akiambukizwa anaweza kumwambukiza mtoto tumboni.

Ukoma. Siku hizi wagonjwa ni wachache kuliko zamani, lakini bado wapo, na ukoma huweza kuleta uveitisi ya polepole isiyo na maumivu makubwa.

Jeraha. Kipande cha kuni kinaporuka, jiwe linapochongwa, mwiba kondeni, fimbo katika mchezo wa watoto: vyote huweza kuamsha mchochota. Kuna jambo moja la ajabu hapa. Mara chache sana, jicho moja likitobolewa, jicho la pili ambalo halikuguswa huanza nalo kuugua baada ya wiki au miezi. Ni kama askari wa mwili, wakiisha kuzoea kupigana katika jicho lililojeruhiwa, wanalidhania jicho zima kuwa adui. Madaktari wengi wanaamini hilo ndilo lililompata Louis Braille wa Ufaransa, aliyezaliwa mwaka 1809. Alijichoma jicho moja katika karakana ya baba yake akiwa na miaka 3, na alipofika miaka 5 hakuona kwa macho yote mawili. Ndiye aliyekuja kubuni maandishi ya nukta nundu wanayosoma wasioona hadi leo. Kwa hiyo jeraha la jicho, hata likionekana dogo, lipelekwe hospitali.

Mwisho kuna uveitisi isiyotokana na mdudu yeyote. Kinga ya mwili hujigeuka yenyewe na kuushambulia mwili. Baadhi ya wagonjwa hao huwa na maumivu ya viungo au ya mgongo pia. Watoto wenye ugonjwa wa viungo kuvimba wanaweza kupata uveitisi bila wekundu wala maumivu. Wanapaswa kupimwa macho mara kwa mara hata kama hawalalamiki.

JICHO KAMA MAFICHO

Tukio moja la miaka ya karibuni lilitufundisha mengi. Mwaka 2014 daktari Mmarekani, Ian Crozier, aliambukizwa Ebola alipokuwa akiwahudumia wagonjwa Sierra Leone. Alitibiwa Atlanta, akapona, na virusi havikuonekana tena katika damu yake. Baada ya majuma machache jicho lake la kushoto likaanza kuuma na kupoteza nuru, hata rangi ya irisi ikabadilika kutoka buluu kuwa kijani. Madaktari walipochota maji ya ndani ya jicho walikuta virusi vya Ebola humo. Alipewa dawa za kutuliza mchochota pamoja na dawa za kupambana na virusi, na nuru ikarudi polepole.

Jambo hilo lilisaidia jirani zetu. Mlipuko wa Ebola wa mwaka 2018 hadi 2020 ulipowapata ndugu zetu wa Kivu Kaskazini na Ituri, nchini Kongo, ilifunguliwa mjini Beni mwaka 2019 kliniki ya kupima macho ya waliopona. Somo kwetu ni hili: mwili unaweza kupona, na jicho likabaki uwanja wa vita.

IKIACHWA BILA TIBA

Irisi iliyovimba ni kama ugali uliomwagika: ikikaa, hugandamana na kilicho karibu nayo. Hushikamana na lenzi iliyo nyuma yake, mboni ikawa haifunguki tena. Maji ya jicho yakikosa njia ya kupita, presha ya jicho hupanda na kuua mshipa wa kuonea. Lenzi hupata ukungu, yaani mtoto wa jicho, hata kwa kijana. Nyuma, retina hulowa maji na kuvimba.

Mtoto wa jicho hupasuliwa na mtu akaona. Mshipa wa kuonea ukifa haufufuki. Na uveitisi hupenda kuwapata zaidi watu wa umri wa kati ya miaka 20 na 60, yaani mama anayelea na baba anayevua au kulima. Akipofuka mmoja, mtoto mmoja huacha shule ili amshike mkono. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

UCHUNGUZI

Katika zahanati mhudumu atapima uwezo wa kuona kwa chati, atatazama jicho kwa tochi, na kuangalia kama konea ina kidonda kwa kutia rangi maalumu. Kuthibitisha uveitisi kunahitaji darubini ya macho, ambayo humwonyesha mtaalamu zile chembe nyeupe zikielea ndani ya maji ya jicho, kama vumbi ndani ya mwale wa jua unaopenya dirishani. Atapima pia presha ya jicho na kutazama retina. Kwa hiyo usishangae ukipewa barua ya kwenda hospitali ya rufaa ya mkoa Musoma, au Bugando kule Mwanza. Kuandikiwa rufaa si kufukuzwa. Beba barua, kadi ya bima kama unayo, na chupa zote za dawa ulizokwisha tumia, hata zile za dukani na za mganga. Usizifiche. Daktari anahitaji kujua kilichoingia jichoni.

MATIBABU

Matibabu yana nguzo tatu.

Nguzo ya kwanza ni kutuliza vita. Hii ni kazi ya dawa za jamii ya steroidi, kama matone ya prednisoloni. Dawa za jamii hii ziliwapatia wagunduzi wake tuzo ya Nobel mwaka 1950. Mwanzoni huweza kutiwa kila saa wakati mgonjwa yu macho, kisha hupunguzwa kidogo kidogo kwa wiki nyingi. Ugonjwa ukiwa nyuma ya jicho, matone hayafiki; daktari hutoa vidonge au sindano ya kando ya jicho.

Nguzo ya pili ni kulipumzisha jicho. Matone ya atropini au ya jamii yake hupanua mboni ili irisi isigandamane na lenzi, na hupunguza maumivu. Mgonjwa ajue mapema kwamba dawa hii itamfanya asisome vizuri maandishi ya karibu na ataumizwa zaidi na jua kwa siku kadhaa, hata wiki mbili. Asiendeshe pikipiki. Si kwamba jicho limeharibika. Dawa inafanya kazi. Chupa ya atropini iwekwe mbali kabisa na watoto, maana ikinywewa ni sumu.

Nguzo ya tatu ni kutibu chanzo. Kifua kikuu kina dawa zake za miezi 6 au zaidi. Kaswende ya jicho hutibiwa kwa penisilini ya mshipani, mgonjwa akiwa amelazwa, kwa siku 10 hadi 14. Mkanda wa jeshi una asaikloviri. Toksoplazma hutibiwa mara nyingi kwa septrini. Wale ambao kinga yao imejigeuka, na ugonjwa unarudi kila mara, hupewa vidonge vya kupunguza nguvu ya kinga kama methotreksati. Kuna pia sindano mpya, adalimumabu, iliyokubaliwa Ulaya na Marekani mwaka 2016 kwa uveitisi isiyotokana na maambukizo, lakini bei yake bado ni mzigo mkubwa kwa familia nyingi.

JINSI YA KUTIA MATONE

Nawa mikono kwa sabuni. Tikisa chupa ikiwa imeandikwa hivyo. Vuta kigubiko cha chini ili kifanye kimfuko, tazama juu, tia tone moja tu. Ncha ya chupa isiguse jicho wala kope. Funga jicho taratibu na ubonyeze kona iliyo karibu na pua kwa dakika moja au mbili ili dawa isikimbilie kooni. Kama una dawa mbili, ngojea dakika 5 kati yake. Chupa ikiisha kufunguliwa hutupwa baada ya wiki 4, hata kama imebaki nusu. Usimwazime jirani.

Na hili tafadhali lishikeni: usiache dawa siku maumivu yanapokoma. Maumivu hukoma kabla vita haijaisha. Ukikatisha steroidi ghafla, mchochota hurudi kwa nguvu kuliko mwanzo. Shuka ngazi jinsi ulivyoandikiwa, na urudi kliniki siku uliyopangiwa.

HATARI YA KUJINUNULIA

Msomaji anaweza kusema, "Kumbe dawa ni prednisoloni! Basi nitainunua dukani." Ndugu yangu, hapo ndipo penye shimo. Steroidi huwatuliza askari wa mwili. Kama jicho jekundu lako kumbe ni kidonda cha konea kilicholetwa na bakteria, ukungu au virusi, utakuwa umewalaza askari usingizi wakati adui yumo ndani. Wekundu utapungua, utafurahi siku mbili, na chini yake kidonda kitatoboa jicho. Ukiona doa jeupe juu ya ule weusi wa jicho, usitie steroidi kabisa, wahi hospitali. Tena steroidi ikitumika muda mrefu bila kupimwa hupandisha presha ya jicho kimya kimya na kuleta mtoto wa jicho. Ni dawa njema mikononi mwa anayepima. Chupa nyingine za madukani zina steroidi iliyochanganywa na antibiotiki, kwa hiyo usinunue tone la jicho kwa kuangalia rangi ya boksi.

Dawa za kienyeji ni vivyo hivyo. Utafiti uliofanyika hapa Tanzania na kuchapishwa mwaka 1994 ulikuta kwamba karibu robo ya wagonjwa wenye vidonda vya konea walikuwa wametumia dawa hizo. Majani yaliyotwangwa, mkojo, maziwa ya mama, maji ya tumbaku: havina nafasi ndani ya jicho. Siwadharau wazee wetu. Miti ina faida nyingi. Lakini jicho haliwezi kupokea kitu chenye vijidudu au chenye ukali. Likiingiwa na vumbi, lioshe kwa maji safi tu.

MASWALI TUNAYOULIZWA MARA KWA MARA

Je, uveitisi hupona kabisa? Wengi wa wale wenye ugonjwa wa sehemu ya mbele, wakiwahi, hupona na kuona vizuri. Lakini unaweza kurudi. Aliyewahi kuugua akisikia tena maumivu na kuogopa mwanga aende siku hiyo hiyo, asingoje.

Je, miwani ya jua inatibu? Haitibu, ila humpunguzia mgonjwa mateso ya mwanga. Kofia pana pia inasaidia.

Kuna chakula cha kuacha? Hapana. Kula dagaa, mboga za majani, mapapai na viazi vitamu vya rangi ya njano kwa afya ya macho kwa jumla, lakini chakula hakichukui nafasi ya dawa.

Mtoto mchanga anatoa usaha machoni, nifanyeje? Hiyo ni habari nyingine, nayo ni ya haraka sana. Mtoto wa chini ya siku 28 mwenye usaha machoni apelekwe hospitali mara moja, pamoja na mama na baba, kwa kuwa wote watatu huenda wakahitaji tiba.

YA KUKUMBUKA

Kata kipande hiki, kibandike ukutani karibu na kalenda:

– Jicho jekundu lenye tongotongo, lisilouma sana na linaloona vizuri: nawa kwa maji safi, usishirikiane taulo, nenda zahanati lisipopona.
– Jicho linalouma, linaloogopa mwanga, au lililopungua nuru: hospitali leo.
– Vidoa vinavyoelea vilivyoanza ghafla, au giza upande mmoja: hospitali leo, hata kama jicho ni jeupe.
– Malengelenge ya mkanda wa jeshi usoni: hospitali leo.
– Doa jeupe juu ya weusi wa jicho, au jeraha lolote la jicho: hospitali leo.
– Usitie steroidi wala dawa ya kienyeji. Usiache dawa ya daktari katikati.

Wazazi, walimu na viongozi wa jumuiya ndogondogo, tusaidieni jambo moja. Mkimwona mtu amejifungia ndani mchana, amefunika jicho kwa kanga, msimwambie tu "pole". Muulizeni kama anaona. Akisema haoni vizuri, mtafutieni nauli siku ile ile. Tusingojee mchango wa Jumapili, kwa sababu kufika Jumapili huenda jicho limekwisha.